Yaliyopita si Ndwele? Waulizeni Waacholi

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa somo la tafsiri ripoti ya gazeti la Kiingereza ya mwaka wa 1987. Ripoti hiyo ilihusu mwanamke wa kaskazini mwa Uganda aliyeongoza jeshi kuelekea Kampala, askari wake wakiimba nyimbo za kanisa, vifua vyao vimepakwa mafuta. Mwandishi alimwita mwanamke huyo kwa lile neno la Kiingereza linaloufunga uchawi na udaktari katika kifundo kimoja. Wanafunzi walikuwa thelathini na mmoja. Ishirini na wanane waliandika, pasi na kusita, "mchawi". Wawili waliandika "mganga wa kienyeji". Mmoja aliacha pengo, kisha akaeleza pembeni kwamba hakuona neno la kulijaza, kwa sababu ripoti yenyewe ilisema kuwa mwanamke huyo aliwapiga vita wachawi na waganga kwa pamoja.

Nilimpa alama zote huyo wa mwisho, jambo lililozua manung'uniko. Ningependa kueleza hapa kwa nini nilifanya hivyo, maana suala lenyewe si la mtihani tu. Mnamo Februari 2024, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliyoko The Hague iliamuru fidia kwa takriban watu 50,000 waliodhurika katika vita vilivyozaliwa na vile vya mwanamke huyo. Ukiyasoma yaliyoandikwa kuhusu fidia hiyo, utaona kwamba bado tunalisoma eneo la Acholi kwa kamusi ileile iliyowapotosha wanafunzi wangu.

Kiswahili, kwa hakika, hakijawahi kumchanganya mganga na mchawi. Kitenzi "ganga" kina ndugu zake katika lugha nyingi za Kibantu, kutoka pwani yetu hadi mlango wa mto Kongo na kusini hadi kwa Wazulu. Maana yake ya asili ni kufunga, kuunga kilichovunjika. Maana ya kutibu ilikuja baadaye. Mganga ni muungaji, ilhali mchawi ni mbomoaji. Waliotuvurugia mambo ni watunga sheria wa kikoloni, ambao katika Sheria ya Uchawi ya Kenya ya mwaka wa 1925 waliziweka hirizi, ramli na uchawi chini ya paa moja. Shule zikafuata, kisha magazeti. Leo mwanafunzi wa chuo kikuu, aliyelelewa na nyanya anayejua tofauti hiyo barabara, anaisahau pindi anaposhika kalamu.

Sasa turudi kaskazini mwa Uganda. Mnamo Julai 1985, majenerali wawili Waacholi, Tito Okello na Bazilio Olara-Okello, walimpindua Rais Milton Obote. Tarehe 17 Desemba mwaka huohuo, serikali yao na waasi wa Yoweri Museveni walitia saini mkataba wa amani hapa Nairobi, Rais Moi akiwa msuluhishi. Wino haukukauka. Tarehe 26 Januari 1986, jeshi la Museveni liliitwaa Kampala, na maelfu ya askari wa jeshi lililoshindwa wakakimbilia makwao kaskazini, wengi wao wakiwa na bunduki zao.

Wanahistoria wameandika mengi kuhusu bunduki hizo. Machache yameandikwa kuhusu mzigo wa pili walioubeba askari hao. Wengi wao walikuwa wamepigana katika wilaya ya Luwero, ambako raia wasiohesabika waliuawa. Kwa imani ya Kiacholi, mtu aliyekufa kwa ukatili huacha kitu kinachoitwa cen. Cen humwandama aliyemuua, wakati mwingine hata yule aliyeiruka maiti tu, akapita bila kuisitiri. Humletea ndoto mbaya, wazimu na maradhi, kisha huwageukia watoto wake na jamaa yake. Kwa hivyo, tangu kale, mpiganaji aliyeua hakurejea moja kwa moja jikoni kwa mama yake. Alitengwa kwanza, akatakaswa na wazee, ndipo akaruhusiwa kula na wengine.

Mwaka wa 1986 utaratibu huo ulikwama. Vijana wengine waliwapuuza wazee wao. Hata wale waliotaka kutakaswa hawakuwa na njia, kwani utakaso wa Kiacholi hauishii kwa muuaji. Ukoo wake hulazimika kukutana na ukoo wa aliyeuawa, kukiri na kulipa. Askari aliyewafyatulia risasi watu asiowajua majina, wa lugha asiyoielewa, mamia ya kilomita kutoka kwao, angekutana na ukoo upi? Isitoshe, malipo yalikuwa ng'ombe, na katika miaka hiyohiyo ng'ombe wa Acholi walikuwa wakiporwa kwa makundi makubwa, hasa na wavamizi kutoka Karamoja. Nayo serikali mpya ilikuwa imeanza kukusanya silaha, na askari wake waliwatesa na kuwaua raia katika baadhi ya sehemu. Eneo zima likajaa watu waliojiona wachafu na wenye hofu, wasiokuwa na wa kuwaosha.

Hapo ndipo alipotokea Alice Auma, mzaliwa wa 1956, kutoka Bungatira karibu na mji wa Gulu. Mtaalamu wa anthropolojia kutoka Ujerumani, Heike Behrend, ambaye kitabu chake kuhusu vita hivyo kilitoka kwa Kijerumani mwaka wa 1993, anasimulia kuwa Alice alipandwa na roho mnamo Mei 1985, akajitenga siku arobaini huko Paraa katika mbuga ya wanyama kando ya Nile, kisha akaanza kuwatibu watu mahali paitwapo Opit. Alianza kama mganga, na wagonjwa wake wengi walikuwa askari. Tarehe 6 Agosti 1986, roho yule alimwamuru aache kutibu na aunde jeshi, kwa kuwa ilikuwa kazi bure kuwaponya watu leo ili wauawe kesho. Msomaji anaweza kuamini au kukataa habari za roho huyo. Hoja hiyo, hata hivyo, daktari yeyote aliyewahi kufanya kazi katikati ya vita angeielewa.

Tuyatazame sasa majina, maana ndiyo kazi inayonipa ujira. "Lakwena", jina la roho ambalo baadaye lilimganda Alice mwenyewe, maana yake kwa Kiacholi ni mjumbe, na ndilo neno linalotumika kanisani kwa mtume. Mganga wa kawaida wa Kiacholi huitwa ajwaka, neno lililombeba jok ndani yake, yaani nguvu au roho wa asili. Alice hakujiita ajwaka hata kidogo. Wenye kupandwa na roho wa Kikristo waliitwa nebi, neno ambalo kila msomaji wa Kiswahili atalitambua, kwani lina asili moja na nabii wetu. Jeshi lake lilitumikia tipu maleng, roho mtakatifu, dhidi ya majok ambao wamishonari walikuwa wamewapa cheo cha shetani. Ndiyo sababu aliyejiunga naye alitakiwa kwanza azichome hirizi zake zote. Magazeti ya dunia yalimwita mchawi mwanamke aliyekuwa akichoma hirizi!

Marehemu Okot p'Bitek, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi katika miaka ya 1970, alitwambia mapema kwamba mambo haya yangetokea. Katika kitabu chake cha 1971 kuhusu dini ya Waluo wa Kati, anasimulia jinsi mapadri Waitalia walivyowauliza wazee wa Kiacholi, mwaka wa 1911, ni nani aliyewaumba. Kiacholi hakikuwa na kitenzi cha kuumba kwa maana ya Biblia, hivyo swali likageuka kuwa ni nani aliyewafinyanga. Wazee walishangaa, wakajibu kwamba wao wamezaliwa na mama zao. Waliposhurutishwa wajibu, mmoja akakumbuka kwamba mtu akipatwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo, akapinda na kuota kibyongo, husemwa kuwa amefinyangwa na Rubanga. Basi wakamtaja Rubanga. Mapadri wakaandika, na tangu siku hiyo Mungu mwumba akahubiriwa Acholi kwa jina la roho wa vibyongo.

Huwa nawasimulia wanafunzi kisa hiki, nao hucheka. Huacha kucheka ninapowaambia kwamba, miaka sabini na minne baada ya mapadri wale, roho aliyempanda Alice alisemekana kuwa afisa wa Kiitalia aliyekufa kwenye mto Nile. Alikuwa na wenzake: Wrong Element kutoka Marekani, Ching Po kutoka Korea, Franko kutoka Zaire, na wengineo. Sisi wa Afrika Mashariki hatuna haki ya kustaajabu. Waganga wa pwani yetu wamepunga pepo wa Kiarabu, wa Kihabeshi na wa Kizungu kwa vizazi vingi, kila pepo akidai lugha yake na chakula chake. Nguvu iliyotoka mbali na kuwavuruga watu hupewa sura, hupewa kiti, ikaulizwa inataka nini.

Nikirejea kwa jeshi lenyewe, kanuni zake zilikuwa ishirini. Pombe, sigara, wizi, ugomvi na kujamiiana vilikatazwa. Askari hakuruhusiwa kumpa mtu mkono akiwa njiani kwenda vitani, wala kujificha nyuma ya mti au kichuguu vita vilipoanza. Walinyunyiziwa maji, wakapakwa moo yaa, mafuta ya mbegu za mti wa shea, wakaambiwa kuwa risasi haitampata aliye safi, na kwamba mawe yao yangelipuka kama makombora. Wapo wanaoishia kwenye mawe haya wakacheka wee! Mimi naona uzito katika kanuni ya wizi na ya kujamiiana. Kwa wanakijiji waliokuwa wameonja majeshi kadhaa, jeshi lililokatazwa kupora na kubaka lilikuwa muujiza mkubwa kuliko jiwe lililipukalo.

Nilikuwa mtoto wa darasa la kwanza magharibi mwa Kenya jeshi hilo lilipovuka Lango, Teso na Bukedi likaingia Busoga. Jina la Lakwena lilitufikia kupitia Sauti ya Kenya na vinywa vya wachuuzi waliovuka mpaka. Tuliokota changarawe nyuma ya madarasa tukarushiana huku tukiimba, na aliyepigwa aliambiwa ametenda dhambi. Nimeufikiria sana mchezo wetu huo nilipokuwa mtu mzima, kwani tuliyapata mantiki yake sawasawa. Alice aliposhindwa karibu na Jinja mwishoni mwa 1987, mamia kwa mamia ya vijana wake walikuwa wamekufa wamesimama wima mbele ya bunduki za rashasha, na maelezo ya kifo cha kila mmoja yalikuwa tayari: amevunja kanuni, hakuwa safi. Tiba inayomlaumu maiti haiwezi kukosolewa na yeyote. Hapo sina la kumtetea Alice. Alikuja kuwaondolea watu hatia ya damu, akaishia kuwabebesha wafu wake hatia nyingine.

Alivuka mpaka akaingia Kenya, akafungwa kwa muda, kisha akaishi ukimbizini hadi alipofariki katika kambi ya Ifo, Dadaab, mnamo Januari 2007. Alizikwa kwao Bungatira. Miaka hiyo yote tulimpa hifadhi, na sijui ni wangapi kati yetu tuliofunga safari kwenda kumuuliza lolote.

Joseph Kony, aliyerithi uwanja huo, aliyachukua maji na mafuta yaleyale akayageuza kazi. Watoto zaidi ya 20,000 walitekwa na kundi lake. Wengi walilazimishwa kuua, wakati mwingine jamaa au jirani, kisha wakapakwa mafuta. Alice alikuwa akimpaka mafuta mtu aliyekwisha kuua ili arudi miongoni mwa watu. Kony alimfanya mtoto aue ndipo ampake, ili asithubutu kurudi, kwa kuwa nyumbani angefika na cen mgongoni. Aliijua imani ya watu wake kwa undani, akaitumia kama kufuli. Atakayesema kuwa hayo yote ni ushirikina mtupu hataweza kueleza kwa nini kufuli hilo lilifunga barabara kiasi hicho, hata pale ambapo hapakuwa na mlinzi.

Ndipo tunapofika kwenye matengenezo. Uganda ilipitisha sheria ya msamaha mwaka wa 2000, na waliotoroka msituni wakaanza kurudi. Machifu na wazee walifufua desturi ya nyono tong gweno, ambapo anayerudi hukanyaga yai bichi lililowekwa pamoja na kijiti cha opobo na layibi, fimbo ya kufungulia ghala. Yai halina kinywa na halijamkosea mtu. Ghala ni chakula atakachoshiriki. Kwa wauaji upo utaratibu mrefu zaidi, mato oput, unaomalizikia kwa koo mbili kuinamisha vichwa juu ya kibuyu kimoja na kunywa maji ya mzizi mchungu. Mkataba wa uwajibikaji na maridhiano uliotiwa saini Juba mnamo Juni 2007 ulizitaja desturi hizi kwa majina yake ya asili, zikiwemo za Walango, Wateso na Wamadi.

Wafadhili walizipenda mno, na mapenzi ya wafadhili yana dosari zake. Mtafiti Mwingereza Tim Allen alionya mapema kwamba mato oput ilikusudiwa mauaji baina ya koo za Kiacholi zinazofahamiana, na kwamba kuivalisha suti ya serikali kungeiharibu. Nakubaliana naye nusu. Mnamo Februari 2004, mamia ya watu waliuawa katika kambi ya Barlonyo, ambayo iko Lango. Wazee wa Gulu hawawezi kunywa kwa niaba ya Walango, kama vile askari wa 1986 hawakuweza kuwaomba radhi watu wa Luwero wakiwa Opit. Nao wanawake waliorudi na watoto waliozaliwa msituni walikanyaga mayai vilevile, kisha wengi wakanyimwa ardhi na jamaa zao wenyewe. Nusu nisiyokubaliana naye ni hii: mila isiyobadilika haijapata kuwapo. Alice mwenyewe ni ushahidi, kwa wema na kwa ubaya.

Kesi ya Dominic Ongwen ililileta suala hili The Hague. Ongwen alitekwa akiwa mtoto njiani kwenda shuleni, akapanda cheo hadi akawa kamanda. Alipatikana na hatia ya makosa 61 mnamo Februari 2021, na mwezi wa Mei akahukumiwa kifungo cha miaka 25. Mawakili wake waliomba desturi za haki za Kiacholi zizingatiwe katika adhabu, majaji walikataa. Nionavyo mimi, walikuwa na sababu nzuri. Waliouawa Pajule, Odek, Lukodi na Abok hawakuwa ugomvi wa koo mbili.

Fidia ndiyo inayonikwaza. Mahakama iliamuru kila mwathiriwa apewe euro 750 kama ishara, pamoja na mipango ya pamoja ya kuwatibu na kuwainua, jumla ikiwa zaidi ya euro milioni 52. Kwa vile Ongwen ni fukara, Hazina ya Wahasiriwa ya mahakama hiyo ndiyo iliyotakiwa kuzitafuta fedha. Sasa lipo neno la Kiacholi, culo kwor, linalofanana kwa umbo na usemi wetu wa kulipa kisasi lakini maana yake ni kinyume: ni kulipa damu ili kisasi kiishe, karibu na ile dia ya pwani. Kiini cha culo kwor si kiasi cha mali. Ni nani aliyeitoa. Ukoo wa muuaji hupekua zizi lake, ng'ombe wake hupungua mbele ya macho ya watoto wake, na watoto hao hukua wakijua kwa nini. Pesa zinazochangwa na mataifa ya mbali zitalipa karo na dawa, na hilo si haba. Kwa cen, hata hivyo, zimetoka kwa mtu asiyehusika.

Sisi Wakenya tuna methali tuipendayo. Baada ya damu ya mapema mwaka wa 2008, niliisikia redioni, kanisani, na katika hotuba za wanasiasa ambao ingewafaa wanyamaze: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhi ripoti yake Mei 2013, nayo ikakaa mwaka baada ya mwaka bila Bunge kuipitisha. Methali ilikuwa imeshinda. Wanaoitamka hawasikii kwamba "tugange" ni kitenzi cha mganga, yaani imemwita mganga kisha ikamkataza kumtazama mgonjwa. Waacholi wangeigeuza juu chini. Kwao yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe, nayo ina jina na ina njaa, na hujua mlango wa nyumba yako.

Yule mwanafunzi aliyeacha pengo alinijia ofisini wiki mbili baadaye, akaniuliza cen ningeitafsiri vipi kwa Kiswahili. Nilimwambia "mzimu". Akasema mzimu ni wa jamaa, hutambikiwa, tena una kwao. Nikajaribu "pepo", akasema pepo hupungwa akaondoka, wala hadai deni. "Mzuka" tuliukataa sote. Tuliishia kwenye maneno mawili tu, "damu ya mtu", akayaandika katika daftari lake kwa kalamu ya risasi.